KUUNGA MKONO NI KUFANYA NINI? FUNZO KUTOKA STANDING ROCK

Ndugu msomaji, katika insha zetu maneno "kuunga mkono" hutumiwa ovyo ovyo. Mtu anapiga makofi tu, eti ameunga mkono. Katika makala haya nakusudia kuyachambua maneno hayo kwa kisa cha kweli kilichotokea Marekani mwaka 2016 na 2017. Hebu tega sikio.

Chanzo cha ugomvi

Standing Rock iko mpakani mwa majimbo ya North Dakota na South Dakota, ukingoni mwa Mto Missouri. Huko wanaishi watu wa kabila la Sioux, wenyeji asilia ambao mababu zao walikuwako kabla Wazungu hawajatia guu. Serikali ya Marekani ilitia sahihi mikataba ya ardhi nao huko Fort Laramie mwaka 1851 na 1868. Lakini ahadi zilivunjwa, na ardhi ikazidi kupungua. Katika miaka ya 1950 serikali ikajenga bwawa la Oahe, na maji yakafunika ekari zipatazo 56,000 za Standing Rock.

Kisha likaja bomba la Dakota Access la kampuni ya Energy Transfer, lenye urefu wa kama kilomita 1,900, la kusafirisha mafuta ghafi kutoka North Dakota hadi Illinois. Njia moja iliyofikiriwa mwanzoni ilipita karibu na mji wa Bismarck. Ikaachwa, na sababu mojawapo ni kwamba ilikaribia visima vya maji ya mji. Njia iliyochaguliwa ikapita chini ya Ziwa Oahe, umbali usiofika kilomita moja kutoka mpaka wa Standing Rock, upande wa juu wa mkondo.

Kampuni ilisema kuwa bomba huleta kazi na ni salama kuliko garimoshi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2013 garimoshi lililobeba mafuta ya North Dakota lililipuka mjini Lac-Mégantic, Kanada, likaua watu 47. Lakini swali la wenyeji lilikuwa jingine: mbona hatari iliyoepushwa Bismarck iletwe kwetu bila sisi kukubali? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mikono iliyounga

Aprili 2016 wenyeji walipiga kambi ya kwanza kando ya mto, katika ardhi ya mama mmoja, LaDonna Brave Bull Allard. Wito wao ulikuwa "Mni Wiconi", yaani maji ni uhai. Vijana wao, wengine wa umri kama wetu, walikimbia kwa miguu zaidi ya kilomita 3,000 hadi Washington kupeleka maombi yao. Jamani, sisi kukimbia kuzunguka uwanja mara tatu tu ni kilio!

Wengine wakaitika. Makabila ya wenyeji zaidi ya 200 yalituma watu au bendera zao. Kambi ilikataza silaha, pombe na dawa za kulevya. Waliofika walipika, walipasua kuni na kufundisha watoto, kwani mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mawakili walikwenda mahakamani kwa niaba ya kabila. Walio mbali nao hawakukaa kitako. Februari 2017 baraza la mji wa Seattle lilipiga kura kuacha kuweka fedha zake katika benki ya Wells Fargo, mojawapo ya benki zilizokopesha mradi huo. Hata aliyekuwa mbali, basi, alikuwa na la kufanya.

Mkono unaolemea

Hata hivyo, si kila mkono uliounga. Baadhi ya wageni walilaumiwa kwa kuja kana kwamba wamealikwa kwenye tamasha. Kambi kubwa ilikuwa penye mafuriko, na mapema mwaka 2017 ikabidi takataka na mahema yaliyoachwa yazolewe haraka, yasije yakaingia katika mto ule ule uliokuwa ukitetewa! Desemba 2016 mwenyekiti wa kabila, Dave Archambault, aliwaomba wageni warudi makwao kwa ajili ya baridi kali. Wako waliosikia, wako waliobaki.

Matokeo

Tarehe 4 Desemba 2016, wakati wa Rais Barack Obama, ambaye babake alitoka nchini mwetu, jeshi lilikataa kutoa kibali cha kupita chini ya ziwa. Watu walishangilia, wakalia kwa furaha. Lakini Januari 2017 Rais Donald Trump aliagiza mambo yaharakishwe. Kibali kikatolewa Februari, kambi ikavunjwa, na kuanzia Juni 2017 mafuta yakapita. Julai 2020 jaji aliamuru bomba lifungwe, lakini mahakama ya rufaa ikaizuia amri hiyo.

Je, kuunga mkono kulikuwa bure? Nasema la. Jaji huyo huyo alikuwa ameamua Machi 2020 kuwa jeshi lifanye uchunguzi kamili wa athari za bomba kwa mazingira, jambo ambalo kabila lililidai tangu mwanzo. Wasingeng'ang'ania, nani angeliuliza swali hilo?

Tujifunze nini?

Kuunga ni kushikanisha kitu na kingine kilichopo tayari. Huwezi kuunga mkono ambao haujanyooshwa, wala kumnyang'anya mwenzako jembe si kumsaidia kulima. Kwanza msikilize mwenye shamba, kisha fanya anachokuomba, na akisema imetosha, pumzika. Nasi pia yatuhusu, kwani mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012, na mpango wa bomba kutoka Lokichar hadi Lamu umezungumzwa kwa miaka mingi. Siku wenyeji wa huko watakapotuita, tuwaulize kwanza wanataka nini kabla hatujaandika mabango.

Zoezi: Tunga sentensi moja moja kuonyesha tofauti kati ya kusaidia, kutetea na kuunga mkono. Ukishindwa, njoo chamani siku ya mkutano tubishane!