Ngozi nyembamba inayolinda batri ya lithiamu

Wandugu wakulima, batri ya koperative ikikufa mbele ya wakati, ni feza za wanamemba wote zinapotea. Kwa hiyo leo tuache maharagi na kahawa kidogo, tuangalie ndani ya batri ya lithiamu, ile inayowasha taa na mizani kwenye depo.

Tuanze na manjanja ya nyumba zetu. Moshi wa Nyiragongo unachanganyika na mvua, mvua inakuwa na asidi, inakula zinki ya juu, kisha chuma inapata kutu na nyumba inavuja. Sufuria ya alumini haipati kutu ya namna hiyo. Sababu ni moja: alumini ikigusa hewa inajifunika yenyewe na ngozi ngumu ambayo jicho haioni.

Batri nayo iko na shida ya manjanja. Ndani yake kuna elektrodi mbili, moja ya grafiti, ni kusema kaboni, nyingine ya madini. Lithiamu inatembea kati yao ndani ya majimaji yenye chumvi. Unyevu hata kidogo ukibaki humo, chumvi ile inatoa asidi kali, inaanza kula elektrodi ya madini. Basi viwanda vingine vinapaka punje za madini utando wa oksidi ya alumini, kitu kile kile cha ngozi ya sufuria! Unene wake ni nanomita chache tu. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Utando ukizidi unene, lithiamu inashindwa kupita.

Upande wa grafiti, ngozi inajijenga yenyewe batri inapochajiwa mara za kwanza, na inakula lithiamu kidogo. Ikipasuka inajijenga tena, inakula nyingine. Ndiyo maana nguvu inapungua polepole. Joto linaharakisha jambo hilo, na kukaa imejaa kabisa wiki nyingi pia. Hapo kiwanda hakiko tena. Anabaki mtunza depo.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na baridi yetu ni rafiki ya batri. Lakini tunakuta batri imefungwa juu kabisa, chini ya manjanja. Saa nane ya mchana pale ni tanuru. Muishushe, muiweke ukutani penye kivuli na hewa.

Wakati wa kununua, mutafute maandishi LFP ao LiFePO4. Aina hii haina kobalti (hata kama kobalti nyingi ya dunia inatoka kwetu, upande wa Kolwezi), na inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi kuliko batri ya simu. Punje zake zinapakwa kaboni, maana peke yake haipitishi umeme vizuri. Zile zilizokusanywa kutoka kompyuta za zamani musizinunue hata kama bei ni ya chini: lithiamu yake imekwisha kuliwa. Na kama depo inafungwa kati ya misimu miwili, muiache batri na chaji ya nusu, na waya zote zikiwa zimetolewa.