Kibali cha kuchafua kinapokuwa bidhaa

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kufuatia taarifa za uvuvi wa sumu. Hasara hiyo haikuchagua. Mvuvi wa sangara wa Muleba mwenye nyavu halali aliwekwa kapu moja na mmwaga sumu. Wachumi huiita gharama ya nje: haimo katika hesabu za mchafuzi, analipa jirani.

Njia mojawapo ya kumrudishia mwenyewe gharama hiyo ni vibali vinavyouzika. Serikali huweka kikomo cha uchafu, hukigawa kwa vibali, kisha huviachia soko.

Tuchukue mfano wa kubuni. Viwanda viwili, kimoja Bukoba mjini na kingine mwambao wa Muleba, kila kimoja kinamwaga tani 100 kwa mwaka. Kikomo cha jumla ni tani 100, hivyo kila kimoja kinapata vibali vya tani 50. Cha Bukoba husafisha tani moja kwa Sh 20,000. Cha Muleba, chenye mitambo mikuukuu, kwa Sh 80,000. Kila kimoja kikijisafishia tani 50, gharama ya jumla ni Sh milioni 5. Lakini Bukoba ikisafisha tani zote 100 na kuuza vibali vyake vyote kwa Sh 50,000 kila tani, gharama inashuka hadi Sh milioni 2, na kila upande unaokoa Sh milioni 1.5.

Marekani ilifanya hivyo kwa moshi wa salfa wa mitambo ya umeme. Mnada wa kwanza ulifanyika Chicago mwaka 1993 na kikomo kikaanza kazi 1995.

Kwa ziwa, hata hivyo, kuna tatizo ambalo mahesabu hayo mazuri hayalionyeshi. Tani 100 zilizobaki zote zinamwagwa Muleba, kama zamani. Mwalo wa huko haukupata nafuu hata kidogo. Tena viwanda viwili si soko. Mmoja akigoma kuuza, biashara imekwisha.

Hewa ukaa ni tofauti, kwani madhara yake ni yale yale popote inapotoka. Ndiyo maana biashara ya aina hii iliyofika Kagera ni ya miti: mradi wa Emiti Nibwo Bulora wa Karagwe, chini ya Vi Agroforestry, unaouza hewa ukaa iliyohifadhiwa na miti ya wakulima. Tanzania ilitoa kanuni za biashara hiyo mwaka 2022. Mwenye kibanja Muleba anayefikiria kuingia aulize kwanza nani atapima miti yake, na malipo yatakatwa kiasi gani kabla hayajamfikia.