Dondoo Muhimu: Kinyesi cha Mbwa Mlangoni

Mkaazi wa Musienene ambaye, baada ya mvua ya usiku, hukuta mbele ya parseli yake najisi iliyoachwa na mbwa wazururao, na afanye hima kuiondoa asubuhi ile ile. Kwa maana mayai ya minyoo waitwao toksokara yawezayo kuwamo ndani yake, ambayo siku ya kwanza hayana madhara, hupevuka udongoni kwa muda wa wiki mbili au zaidi, kisha hudumu humo miezi mingi, mahali pale pale watoto wachezapo. Izoe kwa jembe au jani la mgomba, uitie chooni, wala si katika mbolea ya lengalenga, halafu unawe kwa sabuni. Majivu hupunguza harufu, lakini hayatoshi kuyaua mayai hayo.

Shimo la taka lifunikwe, kwani mabaki ya chakula ndiyo yawaitayo mbwa. Mwenye mbwa umwendee kwa staha, jioni, akiwa ametulia. Akikaidi, habari ifike kwa mkuu wa nyumba kumi. Ama sumu, ambayo wengine huitega kwa ghadhabu, sioni udhuru wake: kuku wa jirani huila kwanza.