Hofu Ikizidi Huwa Maradhi

Usiku mvua kubwa ipigapo mabati ya bweni, wavulana wengi huvuta blanketi wakaendelea kulala. Lakini huenda yuko mmoja ambaye huruka kitandani na kujificha, moyo ukimwenda mbio na jasho likimtoka. Asubuhi wenzake humcheka na kumwita mwoga. Mimi nasema hawamtendei haki, na katika somo hili nitaeleza sababu.

Hofu yenyewe si ugonjwa. Mtu akikutana na nyoka njiani, tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo humimina adrenalini katika damu. Hapo moyo hupiga upesi, pumzi huongezeka, misuli hukaza, naye huwa tayari kukimbia au kupigana. Nyoka akiisha kwenda zake, mwili hutulia. Kadhalika wasiwasi kidogo kabla ya mtihani humwamsha mwanafunzi asome. Maradhi huanza pale hofu inapokuja pasipo hatari, au inapozidi kiasi na kukaa muda mrefu, hata ikamzuia mtu kulala, kusoma au kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na maradhi ya namna hii. Basi mgonjwa hayuko peke yake.

Aina zake ni nyingi, lakini hizi zafaa kujulikana:

1. Wasiwasi wa jumla. Mtu huhangaika juu ya kila jambo: karo, wazazi, afya, kesho. Siku nyingi huwa hivyo kwa muda wa miezi sita au zaidi. Huchoka upesi, hukasirika kwa jambo dogo, shingo na mabega humkaza, wala usingizi haumjii.

2. Hofu ya ghafla. Hii huja kama radi. Kwa dakika chache tu moyo hudunda, kifua hubana, mikono hutetemeka na kufa ganzi, na mtu hudhani anakufa au anapata wazimu. Kisha hupita. Baadaye huishi akiogopa isije ikarudi.

3. Hofu ya kutazamwa na watu. Si haya ya kawaida. Mwanafunzi anajua jibu, lakini akitajwa jina ulimi hukauka. Hata kula mbele ya wenzake humtaabisha.

4. Hofu ya kitu kimoja, kama vile damu, mbwa, sindano au mahali pa juu. Mtu mwenyewe hujua kuwa hofu yake imezidi, lakini hawezi kuizuia.

5. Hofu ya kutengana. Mtoto, na hata mtu mzima, hushikwa na hofu kubwa kwamba akiachana na wale awapendao watapatwa na baya.

Iko na nyingine iliyo jirani ya hizo, nayo ni maradhi yanayofuata maafa. Zamani madaktari waliyahesabu pamoja na maradhi ya wasiwasi. Tangu mwaka 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kimeyaweka katika fungu lake. Mtu aliyeona vita au mauaji huyaona tena katika ndoto, au hata mchana macho yakiwa wazi. Huepuka kila kinachomkumbusha, na hushtuka kwa kishindo kidogo. Wazee walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yule mvulana wa bwenini labda husikia mvua, lakini mwili wake wasikia risasi.

Sisi wa pande za Mbarara hatuna haja ya kwenda mbali kuyajua haya. Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, imepokea wakimbizi tangu karibu mwaka 1960: kwanza Wanyarwanda, kisha Wakongo, Wasomali, Warundi na wengineo. Huko ndiko jambo kubwa lilikojaribiwa, na habari zake zikachapishwa mwaka 2008. Wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia wenye maradhi hayo waligawanywa katika mafungu matatu. Washauri waliowatibu hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Fungu la kwanza walisaidiwa kusimulia maisha yao kwa taratibu, tangu kuzaliwa, wakiyaweka maafa mahali pake katika safari yote, ili moyo ujue kuwa yamepita. La pili walipewa ushauri wa namna nyingine. La tatu walipimwa tu. Walipochunguzwa baadaye, 70 katika kila 100 wa fungu la kwanza, na 65 wa la pili, hawakuwa tena na maradhi. Katika fungu la tatu walikuwa 37 tu. Tazama basi jinsi mtu afundishwaye vema anavyoweza kumponya jirani yake kwa kusikiliza.

Je, ufanye nini? Hofu ya ghafla ikimshika mwenzako, kaa naye, sema kwa upole, mwambie apumue polepole. Usimlazimishe kusimulia yaliyompata. Mshauri amwone mwalimu au muuguzi, kisha hospitali. Mbarara iko hospitali kuu ya mkoa. Daktari atampima kwanza, maana upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kufanana na wasiwasi. Matibabu yapo: mazungumzo, kuzoezwa kidogo kidogo kukikabili kinachoogopwa, na pengine vidonge, ambavyo huchukua majuma kadhaa kabla ya kusaidia. Pombe na mairungi si dawa, huzidisha. Na mtu akisema hataki kuishi, usimwache peke yake wala usiifanye siri: mwite mtu mzima saa ile ile.

Mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini nani atafunua maradhi yake mbele ya watu wanaocheka? Usiku mvua itakaporudi, tusicheke.