SOMO LA AFYA: MWILI NI JIKO LISILOZIMWA



Mama mmoja hapa Rhonda aliambiwa kwa zahanati kwamba presha yake iko juu, apunguze uzito. Basi akaacha chakula cha mchana na cha jioni, akawa ni chai tu. Wiki ya kwanza akapungua kilo 3, akafurahi sana. Mwezi wa pili mizani ikakataa kusonga, na siku moja akaanguka akifua nguo. Majirani nao wakaanza kunong'ona ati ana "ule ugonjwa". Akarudia kula, kilo zikarudi zote. Akaniuliza, "Mwalimu, ama nimelogwa?"

Hakulogwa. Tusome pamoja.

1. Jiko la mwili
Hata ukilala, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo, ini na figo zinafanya kazi. Kazi hii ya kugeuza chakula kuwa nguvu inaitwa umetaboli. Kwa wengi wetu, zaidi ya nusu ya nguvu za siku huishia hapo, kabla hatujashika jembe. Chakula kinachozidi matumizi huwekwa akiba, kama pesa ya chama. Akiba hiyo ndiyo mafuta ya mwili.

2. Kwa nini kujinyima kunatuangusha
Kilo za kwanza nyingi huwa ni maji. Halafu mwili ukiona njaa hufanya kama mama mwenye makaa machache: hufunga kile kimlango cha jiko ili moto uwake polepole. Tena hula misuli yako, na misuli ni mlaji wa nguvu. Ukirudia sahani ya zamani, mwili unaohitaji kidogo unaweka akiba haraka.

3. Je, ni umri?
Mwaka wa 2021 watafiti walitoa matokeo ya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Ukizingatia ukubwa wa mwili, moto huo haubadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Kwa hivyo sisi wa miaka arobaini tusisingizie umri peke yake. Tuangalie sahani, na kazi tulizoacha.

4. Je, kutembea kunatosha?
Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hutembea kilomita nyingi kila siku wakitafuta chakula. Walipopimwa, matokeo yaliyotolewa 2012 yalionyesha kwamba nguvu wanazotumia kwa siku, ukilinganisha ukubwa wa mwili, hazizidi sana za watu wa Marekani na Ulaya. Kutembea kunalinda moyo na misuli, kwa hivyo tusiache. Lakini uzito hupungua zaidi kwa sahani.

Tufanye nini?
- Usiruke milo. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, terere, managu. Robo iwe ugali, robo maharagwe, ndengu au omena.
- Punguza mafuta ya kupikia, mandazi na soda.
- Pima sukari. Vikombe 4 vya chai kwa siku, vijiko 3 kila kimoja, ni karibu kilo moja na nusu kwa mwezi. Ukitia kijiko 1 unabakisha kilo nzima, na pesa yake inaingia kwa sanduku la kikundi.
- Punguza polepole, nusu kilo kwa wiki inatosha. Dawa za kukondesha zinazouzwa njiani, achana nazo.
- Anayetumia dawa ya sukari au presha amwone daktari kwanza.

Angalizo: Mtu akikonda bila kutaka, inaweza kuwa kifua kikuu, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo au virusi vya Ukimwi. Yote yana matibabu. Badala ya kumnong'ona, msindikize akapimwe.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika kikundi chetu, ni nani amewahi kujinyima chakula ili apungue? Ilikuwaje?
2. Tukiona mwenzetu amekonda, huwa tunasema nini? Tungepaswa kufanya nini?
3. Mwezi huu tupime sukari ya kila nyumba. Tutaweka akiba ngapi?

Mwili ni zawadi ya Mungu. Tuulishe kwa kipimo, tusiuadhibu.