Mweka Kasi Anapotoka Barabarani

Maandiko: 1 Wakorintho 1:10–13 na 9:24–27; Waebrania 6:19–20 na 12:1–2

Jumapili iliyopita muda ulitubana na sehemu ya mwisho ya somo sikuifikia, ilhali hiyo ndiyo iliyokuwa imenikosesha usingizi. Wacha niiandike hapa.

Wengi wetu tunapenda kutazama marathoni, hasa Mkenya akiwa mbele. Ukitazama vizuri utaona kwamba katika mbio nyingi kubwa, anayeongoza kilomita za mwanzo si mshindani. Ni mweka kasi. Wenzake wamejipanga nyuma yake, anawakinga upepo, anawashikia mwendo. Halafu kilomita ya 25 au ya 30 hivi anageuka kando, anashika kiuno, kazi imeisha. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo swali langu la kwanza huwa: huyu analipwa na nani? Analipwa na waandaaji. Wanakubaliana mapema kila kilomita aikimbie kwa muda gani na afike wapi. Hajamdanganya mtu, maanake hakuahidi kufika mwisho.

Wakimbiaji wanalijua hilo, kwa hivyo akitoka hawashtuki. Kwa imani ni tofauti. Sisi hatuambiwi nani atatoka na kilomita ya ngapi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipookoka. Ndugu mmoja wa ushirika wetu ndiye aliyeniongoza sala ya toba, kwenye ngazi za hosteli, saa nne usiku. Alinifundisha kufunga. Alikuwa ananiamsha saa kumi alfajiri tuombe, na nikikosa nauli ya kwenda mkutano alinilipia kwa pesa ambazo najua hakuwa nazo. Hata kuomba niliomba kwa sauti yake. Mke wangu, tukiwa bado wachumba, alinicheka kwamba nikisema "Baba wa rehema" lafudhi inahama.

Miaka sita baadaye nilikutana naye stejini. Nikamwambia "Bwana asifiwe" kama kawaida. Akatabasamu, akasema hayo mambo aliyaacha kitambo. Hakuwa na hasira, hakuwa mlevi, hakukuwa na kashfa yoyote. Akaniuliza habari za kazi, matatu ikaja, akapanda.

Jumapili hiyo nilikaa kiti cha nyuma. Iliyofuata nilichelewa makusudi. Baada ya mwezi nilikuwa nimeacha kwenda kabisa, na hakuna dhambi kubwa niliyokuwa nimefanya. Miezi saba. Hoja yangu ilikuwa moja: kama yule ameshindwa, mimi ni nani?

Hoja hiyo inasikika kama unyenyekevu, lakini haikuwa. Darasani tulifundishwa kuogopa kampuni inayomtegemea mtu mmoja: wateja wanamjua yeye, kila kitu kiko kichwani mwake, na siku akiondoka hakuna kampuni. Imani yangu ilikuwa kampuni ya namna hiyo. Miaka yote hiyo nilikuwa natazama mgongo wa mtu, nikadhani namtazama Yesu.

Hebu rudini kwa Wakorintho. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, na karibu na mji huo kulikuwa na michezo mikubwa iliyofanywa kila baada ya miaka miwili, mshindi akivikwa taji la majani. Akiwaandikia habari za mbio na taji linaloharibika, anawaandikia watu wa pale pale. Lakini ona barua hiyo hiyo inavyoanza. Watu wamegawanyika: huyu ni wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Kwa lugha yetu ya leo, kila mmoja alikuwa anatangaza mweka kasi wake! Na Paulo hakufurahia kuona jina lake kwenye orodha hiyo. Aliwauliza kama ni yeye aliyesulubiwa kwa ajili yao.

Kisha sura ya 9 mstari wa 27, mstari ambao sisi tunaoshika maikrofoni hatupendi kuukawiza. Paulo anautesa mwili wake kwa sababu anaogopa kwamba baada ya kuwahubiri wengine, yeye mwenyewe asije akakataliwa. Yaani anajua mtu anaweza kuwavuta wengine kilomita thelathini na bado yeye asifike. Mwaka 2000 Mkenya Simon Biwott alienda Berlin kuwa mweka kasi. Hakutoka barabarani. Aliendelea mpaka utepe, akashinda mbio zenyewe. Nikisoma mstari ule huwa namkumbuka. Niombeeni nami niwe hivyo, na nasema hivi bila mzaha.

Msiende kusema ati Pasta amesema hatuhitaji watu. Tunawahitaji. Kule Vienna, Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40, alikuwa na waweka kasi 41 waliokuwa wakipokezana. Upepo ni upepo, hata kwa Kipchoge. Lakini zile mita za mwisho walibaki nyuma, akaenda kwenye utepe peke yake. Na kwa Olimpiki hakuna waweka kasi hata mmoja wa kukodishwa.

Nilirudi vipi? Mtoto wetu wa kwanza aliugua nimonia. Saa tisa usiku, wodini, nikatoa simu nimpigie yule ndugu aombe, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Kisha nikakumbuka. Nikakaa na simu mkononi. Nilichosema baadaye hakikuwa na lafudhi ya mtu yeyote: "Yesu, mimi sina mwingine." Mtoto alipona. Siwaambii alipona kwa sababu niliomba vizuri. Kitanda cha pili mama mmoja aliomba kunishinda, na alirudi nyumbani bila mtoto. Nawaambia tu kwamba usiku huo ndio nilianza kukimbia mwenyewe.

Waebrania 6 inamwita Yesu mtangulizi wetu, na inasema ameingia mpaka ndani ya pazia. Huyu alitangulia mpaka mwisho wenyewe. Pale Gethsemane angeweza kugeuka kando, na hakugeuka. Ndiyo maana sura ya 12 inatuambia macho yaelekee kwake, ingawa mashahidi wametuzunguka kama wingu.

Naandika haya kwa sababu tangu mchungaji wetu wa vijana ahamishwe, maombi ya Ijumaa yamepungua. Ijumaa iliyopita tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na mlinzi wa lango. Simlaumu aliyehama, alitumwa. Nawauliza ninyi mliobaki nyumbani lile ambalo Paulo aliwauliza Wagalatia sura ya 5 mstari wa 7. Kwenye ushirika wa nyumbani wiki hii, usomeni mstari huo, na kila mtu ataje jina la aliyemleta kwa Yesu. Kama amerudi nyuma, mwombeeni kwa jina. Kisha mtu ampigie simu.

Wangu nilimpigia Jumatatu. Hakushika. Nitajaribu tena Alhamisi jioni, akitoka kazini.