Mapacha Wawili ni Watoto Wawili

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari za malezi ya watoto mapacha, hasa walio na umri wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Sisi wenyewe tumejaliwa mabinti wawili, Kulwa na Doto, nao wametimiza miaka miwili na nusu. Hatuandiki kama watu wajuao yote. Twaandika kama watu waliokosa, wakaonywa, nao hawapendi mwenzao akose vile vile.

Kwanza tutazame jinsi siku ilivyo katika nyumba ya namna hii. Alfajiri mmoja aamka akilia, na kilio chake chamwamsha wa pili. Uji ukiwa tayari, wote wawili wataka kikombe kile kile, ijapokuwa vikombe vyao vyafanana. Wakati wa kuoga, huyu akisimama katika beseni, yule amekwisha kukimbilia uani bila nguo. Mama akimfunga mmoja mgongoni kwa mbeleko, mwenzake aketi chini njiani, wala hataki kwenda. Usiku mmoja akilala, mwingine ndiyo kwanza ataka kucheza. Basi wazazi huchoka, nao hutafuta njia za mkato: kuwavika sawa, kuwalisha pamoja, kuwaita pamoja, hata kuwajibu pamoja. Njia hizo si mbaya zote, maana bila hizo kazi za nyumba haziishi. Walakini imo hatari ndani yake, nayo ndiyo somo letu.

Siku moja watoto wetu wote wawili walishikwa na homa. Tulikuwa na dawa ya maji ya kutuliza homa, kila mtoto apewe kwa kipimo chake. Usiku mmoja wetu alimnywesha Kulwa, kisha akaitwa nje. Wa pili akaingia. Taa ilikuwa hafifu, na watoto walivaa magauni ya kitambaa kimoja. Akauliza, “Mmekunywa dawa?” Kulwa akajibu, “Tumekunywa.” Doto hakusema neno. Basi tukalala tukiamini ya kuwa kazi imekwisha. Kulipopambazuka, mwili wa Doto ulikuwa kama moto, naye amelegea. Ndipo tulipofahamu ya kuwa hakunywa hata tone.

Tukawapeleka zahanati. Mganga alimwuliza Doto, “Wapi panauma, mwanangu?” Doto akamtazama nduguye. Kulwa akajibu, “Tumbo,” maana yeye ndiye aliyeumwa na tumbo. Mwuguzi mmoja mwenye busara akamchukua Kulwa nje kumwonyesha kuku. Mganga akauliza tena, akangoja. Doto akaweka mkono juu ya sikio lake, akasema, “Hapa.” Akatazamwa, na kweli ugonjwa ulikuwa sikioni. Sisi tulinyamaza kwa haya. Tulikuwa na binti awezaye kusema, wala hatukuwa tumemngoja aseme.

Watoto wamepona. Lakini tangu siku ile tumeuliza sana habari za kusema kwa mapacha, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mapacha wengi huchelewa kidogo kusema kuliko watoto waliozaliwa peke yao. Mwaka 2003 wachunguzi wa Uingereza, Michael Rutter na wenzake, walitoa habari za mapacha waliowapima: walipofikia umri wa miaka 3 walikuwa nyuma kwa muda wa miezi 3 hivi. Sababu kubwa waliyoiona si upungufu wa akili, bali ni namna wazazi wanavyozungumza na watoto wao. Na jambo hili si la kushangaza: mzazi mwenye mtoto mmoja humtazama huyo na kusema naye, mwenye wawili hugawanya maneno yake, na mara nyingi husema na wote kwa pamoja, hata kila mmoja afikiri ya kuwa ataitika mwenziwe.

Kabla ya hapo, mwaka 1956, mtaalamu wa Moscow aitwaye Alexander Luria, pamoja na mwenzake Yudovich, waliandika habari za wavulana wawili mapacha wa miaka 5. Hao walielewana kwa maneno machache na ishara, na maneno yao watu wengine hawakuyafahamu vema. Walipowekwa katika makundi mbalimbali ya shule ya watoto wadogo, ikawapasa kusema na wengine, na kwa muda wa miezi 3 usemi wao ulistawi sana. Hatusemi kwamba mapacha watenganishwe kwa nguvu. Twasema kwamba kila mmoja ahitaji saa ambayo hakuna wa kumjibia.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia yao. Wasukuma humwita wa kwanza Kulwa na wa pili Doto. Kwa Waganda, mapacha wa kike ni Babirye na Nakato. Hata wazazi hupewa majina mapya, baba Ssalongo na mama Nnalongo. Angalieni: wawili hawakupewa jina moja, bali kila mmoja lake. Sisi ndio tulioyaunganisha tukaita “Kulwadoto!” mlangoni, kama kwamba twamwita mtu mmoja. Hata mapacha waliotokana na yai moja, wafananao kabisa, alama za vidole vyao si sawa.

Basi yatupasa kufanya nini? Twataja mambo matano tuyafanyayo sasa.

La kwanza: kumwita kila mmoja kwa jina lake, kumtazama usoni, na kungoja jibu lake mwenyewe. Kulwa akimjibia mwenzake, twamwambia kwa upole, “Ahsante mama, sasa na tumsikie Doto.”

La pili: kila siku mmoja aenda na baba kutazama mbuzi au dukani, na mwingine abaki na mama jikoni. Kesho yake wabadilishana. Hata robo ya saa yatosha kuanza.

La tatu: katika ugonjwa hatutegemei macho yetu wala neno la mtoto. Kulwa avaa ushanga mwekundu mkononi, Doto wa buluu. Kila mmoja ana kadi yake ya kliniki, na kila dawa twaiandika pale pale: jina, saa na kipimo. Maana kosa letu lingaliweza kuwa kinyume, mmoja akanyweshwa mara mbili. Na dawa ya homa iitwayo parasetamoli ikizidi kipimo huliharibu ini.

La nne: kutowalinganisha. Kulwa alitembea mapema, Doto huchelewa kukasirika. Tukisema mbele yao, “Huyu ni hodari, yule ni mpole,” twawafunga kamba ambayo huenda wasiifungue maisha yao yote. Twakumbuka mapacha Esau na Yakobo: Isaka alimpenda mmoja na Rebeka mwingine, na nyumba yote ikapata taabu.

La tano: kuomba msaada bila haya. Mama wa mapacha aliyekosa usingizi hana nguvu ya kungoja jibu la mtoto. Bibi, shangazi na jirani wakimshika mmoja kwa saa moja, wamewasaidia wote watatu. Tena baba asiseme kwamba kazi hii si yake.

Wala msifikiri ya kuwa twataka kuupunguza upendano wao. Juzi Doto alipewa ndizi, akaimenya, akaikata vipande viwili, akasema wazi, “Hiki changu, hiki cha Kulwa.” Tulifurahi kwa kuwa aligawa, na kwa kuwa alisema “changu”. Awezaye kusema “changu” ndiye awezaye kumpa mwenziwe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Leo nimesema na kila mtoto wangu peke yake mara ngapi?
2. Ni nani nyumbani mwetu ajibiwaye na wengine siku zote?
3. Je, karibu nasi yupo mama wa mapacha? Tutamshikia mtoto siku gani?